Hakukuwa na Mamba

Naanza na hilo ili tusipotezeane muda: hakukuwa na mamba.

Najua mmeshaisikia ile sauti aliyorekodi mpiga besi wetu, kwamba mamba alinivamia ziwani kwenye ubatizo wa Jumapili. Dakika 4 na sekunde 12. Imepita kundi la kwaya, ikaenda kundi la vijana, ikaruka hadi kundi la wazazi wa chekechea, na juzi usiku shemeji yangu wa Geita kanipigia kuuliza kama mguu umebaki wote. Umebaki, shem. Miguu yote miwili ipo. Kidole gumba kimoja ndicho kimevimba, na hicho kilivimba Jumamosi, kabla sijalisogelea ziwa. Mpiga besi mwenyewe alikuwa kainama nyuma ya spika, amelipa ziwa mgongo. Atasimulia nini mtu aliyeona kwa mgongo?

Basi sikilizeni habari kutoka kwa aliyelowa.

Ili mnielewe lazima tuanzie Jumanne ya wiki iliyopita, siku maji yalipokata. Kwetu ni Mabatini, juu kule ambako nyumba na mawe vimebanana kama meno yaliyoota vibaya. Wageni wakija Mwanza huenda kupiga picha na Jiwe la Bismarck wakasema jamani, jiji la mawe, zuri kweli. Sisi wa kilimani jiwe tunalo jikoni. Sitanii. Ukuta wa nyuma wa jiko langu ni jiwe. Fundi alilitazama, akasema hapa tofali za nini, akajenga pande tatu akadai hela ya nne. Ukipanda juu ya jiwe hilo asubuhi unaliona ziwa limelala kule chini, bluu, limetulia, halina habari na mtu. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, nchi tatu zinalichangia na haliishi. Na mimi nimesimama nalitazama, kopo tupu mkononi, sabuni inanikaukia usoni.

Jumatano bomba likakohoa. Tukakimbia wote, mimi, mama Neema, watoto, na jirani ambaye sikujua aliingiaje. Likatoa upepo, likatoa kijiko kimoja cha kutu, likanyamaza. Mama Neema akasema tuliache wazi, na ndoo chini, yakija tutayasikia. Tukaliacha.

Alhamisi dumu la lita 20 kwa kijana wa mkokoteni lilikuwa 500. Ijumaa likawa 700. Nikamuuliza kwa nini, akasema mlima umeongezeka.

Nieleze na cheo changu, maana wengine hamsali kwetu. Mimi ni shemasi. Shemasi wa vifaa, siyo wa kuhubiri. Viti, spika, vikombe vya meza ya Bwana, na siku za ubatizo mashuka na mataulo. Ila safari hii, kwa kuwa mwalimu wa darasa la ubatizo alisafiri, nilipewa nifundishe wale wabatizwa saba. Wiki nne! Nikavaa tai hadi siku za Jumatano. Somo langu nililolipenda kuliko yote lilikuwa Wafilipi 2:14, yatendeni mambo yote pasipo manung'uniko. Nililichambua mpaka mama mmoja akatoa leso. Kati ya wale saba alikuwepo kijana mmoja wa bodaboda, mtu wa Shinyanga, mpole ila ana maswali. Akanyoosha mkono: "Shemasi, hata bomba likikauka?"

Nikamjibu kwa sauti ya chini, ile ya watu waliokomaa kiroho: "Hasa hapo, kijana wangu. Hasa hapo."

Jumamosi mchana nikataka kufua yale mashuka meupe. Ndoo haina kitu. Dumu halina kitu. Kijana wa mkokoteni simu haipatikani. Kule chini ziwa linameremeta kwa jua la saa nane kama linanikonyeza. Ndugu zangu, mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa na watoto walikuwa kwa bibi yao, kwa hiyo nilichokisema hakina shahidi. Nikamalizia kwa kulipiga teke lile jiwe.

Musa naye alipiga mwamba kwa hasira, kaisome Hesabu 20. Alipiga mara mbili kwa fimbo, yakatoka maji mengi. Mimi nilipiga mara moja kwa teke, kikatoka kidole.

Nikakaa chini nimeshika mguu, na hapo ndipo nilipoomba. Haikuwa sala ya kufungua kwa shukrani na kufunga kwa shukrani. Nilisema hivi, maneno yenyewe: "Bwana, maji. Nimechoka kuomba kwa adabu. Siombi Yordani. Maji tu, wewe mwenyewe utajua unayaletaje."

Mkiomba, muwe mnataja na kipimo.

Mashuka yakafuliwa na maji ya kununua, ndoo mbili, suuzo moja. Jumapili kidole kilikuwa kama kiazi kitamu, hakiingii kwenye kiatu changu chochote. Mama Neema akaingia uvunguni akatoka na viatu vya marehemu baba yake, vya ngozi, vya kuchomeka tu. Namba 44. Mimi navaa 41. Soli laini kama sahani, mzee alikuwa akivaa kwenye sherehe tu na hakuwa mtu wa kucheza. Juu nikavaa suti ya harusi yangu, ya mwaka 2012, enzi zile suruali za suti zilikuwa bado zinapumua. Ndiyo, nilijua tunaenda ziwani. Shemasi wa vifaa haingii majini, anasimama nchi kavu na taulo. Ndivyo nilivyojua.

Tukapanda haisi mbili za kukodi. Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, tukapita Malimbe, tukashuka Luchelele ufukweni. Asubuhi nzuri kweli. Akina mama walikuwa wameanika dagaa kwenye mchanga, harufu inakwambia upo nyumbani. Mnandi wamesimama juu ya mawe wametanua mabawa kukausha. Korongo wale wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni wamejipanga kando ya dagaa kama wazee wa kanisa wanaosubiri sadaka ihesabiwe. Kwaya ikapanga mstari, mpiga besi akaenda nyuma ya spika kuhangaika na jenereta ambalo tangu Ijumaa lilikuwa haliwaki. Lishikeni hilo jenereta, nitalirudia, na ndiyo maana mwenzetu kaleta habari za mamba.

Mchungaji kabla ya kuingia majini akanikabidhi mali. Saa. Tai. Viatu na soksi ndani yake. Simu, ile mpya, waumini tulimchangia mwezi wa tisa. Na miwani. Miwani ya mchungaji wetu, wasiomjua niwaambie, ukiiweka juu ya Biblia unasoma hadi kitabu kinachofuata. Bila miwani hiyo mchungaji humtambua mtu kwa sauti, na kwa mbali hutambua kama ni mtu au ni mlango. Nikaiweka mfuko wa juu wa koti. Saa na tai mfuko wa kulia. Viatu mkono wa kushoto. Simu mkono wa kulia, maana nilitakiwa nipige na picha. Na begani nikajitundika shuka jeupe la mbatizwa wa saba.

Sita wakaingia, wakazama, wakainuka wanalia na kucheka. Vizuri kabisa. Mmoja alisahau simu kiunoni lakini hayo ni yake.

Wa saba alikuwa yule wa bodaboda. Maji yalipofika magotini akagoma. Mtu wa Shinyanga huyu, maji aliyoyazoea ni ya lambo, na lambo lina mwisho unaouona. Akamkumbatia mzee wa kanisa kiunoni akawa anasema "bado kidogo, mzee, bado kidogo." Mchungaji yupo kule mbele, maji kifuani, mikono ameitandaza, macho amefumba, anangoja na anaomba. Kwaya imeingia pambio la nne.

Nikaona nisogee. Pale pembeni kuna jiwe refu limeingia majini kama gati, mwisho wake uko hatua mbili tu kutoka aliposimama mchungaji. Nikapanda ili niwe karibu na shuka, nimtie moyo na kijana. Juu jiwe ni kavu, la moto, salama. Huku chini linapokutana na maji limevaa mwani wa kijani, unang'aa kama umepakwa mlenda.

Sasa tulieni. Hapa ndipo mpiga besi anaposema "ghafla shemasi akaruka." Hakukuwa na ghafla. Mimi nilikuwepo, na jambo hili lilichukua kama nusu saa.

Kwanza alitoka mjusi. Alitoka kwenye ufa wa jiwe, hatua moja kutoka kiatu changu. Wa Mwanza mnamjua: kichwa na mabega mekundu kama kachovywa kwenye ndoo ya rangi, kuanzia hapo bluu tupu hadi mkiani. Kwetu huyo ni mjusi kafiri. Wewe ambaye kwenu kafiri ni yule mweupe wa ukutani, kaa na wako, leo tunashughulika na wangu. Huyu akikukuta kwenye jiwe lake hakimbii. Ananyoosha mikono ya mbele, anakutazama kwa jicho moja, anaanza kupiga pushapu. Kichwa juu, kichwa chini. Anakwambia jiwe lina mwenyewe.

Naogopa mijusi. Ninyi mlionizoea kama mtu wa kukemea mapepo kwenye mkesha, pokeeni hilo, tuendelee.

Nikasimama kimya. Kwaya ikaimba, kafiri akatikisa kichwa. Mchungaji akasema "Haleluya," kafiri akatikisa kichwa. Mzee wa kanisa akamwambia kijana "usiogope, Bwana yupo nawe," kafiri akatikisa kichwa. Nikaanza kumwona kama mshirika aliyekolea kuliko mimi. Nikajipa moyo: atakaa kwake, nitakaa kwangu, ubatizo utaisha, tutaagana.

Na hapo jenereta likawaka.

Halikuwaka kwa ustaarabu. Lilifyatua mlio mmoja wa bunduki, likatoa moshi, halafu likanguruma, na spika nazo zikapiga ule mluzi wake. Mnandi wote wakaruka. Kafiri naye akatafuta shimo la karibu la kujificha. Shimo la karibu, jamani, lilikuwa suruali ya mwaka 2012.

Nataka mjue ninachokikumbuka. Nakumbuka kucha kwenye soksi. Nakumbuka kucha zikiwa zimeiacha soksi. Nakumbuka nikihesabu: kifundo, muundi, goti. Nakumbuka nikijiambia kwa utulivu mkubwa, shemasi, usipige kelele, kuna wageni. Na nakumbuka sauti moja nyembamba sana, ya juu kuliko soprano wetu wote, nikajiuliza ni nani huyo, kumbe ni mimi.

Nikatupa mguu. Mguu wenye kafiri ukaenda hewani, ukabaki ule mwingine peke yake, ndani ya kiatu namba 44 cha baba mkwe, soli ya sahani, na kwa kuwa nilikuwa nimerudi nyuma hatua moja, nilikuwa nimekanyaga mlenda. Kiatu kikaondoka. Mimi nikabaki juu kidogo nikiwa sina cha kunishikilia. Niliona anga. Niliona korongo mmoja akinitazama kwa huruma. Nilimwona mama Neema kwenye mstari wa alto, mdomo wazi, noti ile ile haijakatika. Kafiri akatoka kwenye suruali, akatua jiweni, akapiga pushapu moja ya kuniaga. Kisha wazo likanijia kichwani, wazo moja tu, siyo watoto, siyo mbinguni: simu ya mchungaji.

Nikaachia viatu vyake. Nikainua mkono wa kulia kadiri Mungu alivyouumba. Nikaingia ziwani kama msumari, suti, tai, saa, miwani, mkono mmoja umebaki juu na simu kavu.

Waliokuwa ufukweni wakaona mtu amezama na mkono umeinuliwa. Kwaya ikadhani ni upako. Kwaya ikapandisha pambio.

Nikaibuka. Kina kilikuwa kifuani tu, ningesimama vizuri, lakini lile shuka jeupe la begani lilikuwa limenifunika gubigubi, kichwa hadi kiuno. Na nilikuwa nimeibukia wapi? Mbele ya mchungaji, hatua moja. Mchungaji akafumbua macho. Bila miwani. Akaona kitu cheupe, kirefu kama mtu, kinatetemeka, kinahema kwa hofu. Akajua ndiye. Kijana wa Shinyanga ameshinda woga, amekuja mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilijaa upendo mpaka nikaona aibu, "umemwamini Bwana?"

Nikataka kusema "Mchungaji, ni mimi." Lakini kinywa kilikuwa na robo ya Ziwa Victoria. Kilichotoka ni "Mmmmm-m."

"Amina!" akasema mchungaji, akanishika kiunoni na kisogoni. Yule mzee ana nguvu, zamani alikuwa akivuta nyavu. "Kwa jina la Baba—"

Sikusikia la Mwana. Nilikuwa chini. Niliona kijani, niliona mapovu, niliona samaki mdogo, furu nadhani, akipita na shughuli zake. Na juu ya maji, nasimuliwa, mkono wangu ulibaki umesimama peke yake na simu, kama mtu anayetafuta mtandao.

Sasa mchungaji wetu kwenye ubatizo hana mzaha. Hufundisha kwamba maji mengi ni maji mengi, mtu azame mzima mzima, hata unywele usibaki. Akaushika ule mkono. Niliuhisi mkono wake unanishika, nikaelewa anachotaka kufanya, nikajaribu kupinga, na yeye akaelewa kwamba ni mwili wa zamani unakataa kufa. Akaongeza nguvu.

Simu ikaja kuungana nami. Tulitazamana nayo kule chini. Taa yake iliwaka mara moja.

Aliponiinua shuka likaanguka. Kwaya ikakatika vipande: kwanza alto, kisha teno, soprano mmoja akaendelea peke yake mistari miwili kwa sababu alikuwa amefumba macho. Nikatoa miwani mfukoni, nzima, inachuruzika, nikampa kwa mikono miwili kama inavyopasa. Akaivaa. Akanitazama muda mrefu.

"Shemasi?"

"Ndiyo, mchungaji."

"Simu yangu iko wapi?"

"Mchungaji... umeibatiza."

Mimi namfahamu mchungaji huyu tangu mwaka 2009, ndiye aliyenibatiza mara ya kwanza, ukiacha yale maji kidogo ya utotoni ambayo sikuulizwa. Sijawahi kumwona akicheka mpaka ashike maji. Alicheka akaushika uso, akacheka miwani ikaanguka tena tukaidaka, ufukwe mzima ukalala. Bibi mmoja wa Kisukuma akaacha dagaa zake, akaja hadi ukingoni, akaniuliza kwa masikitiko ya kweli: "Ng'wanawane, ulikuwa na dhambi gani za kukuzamisha na suti?"

Na katikati ya kicheko hicho tukasikia maji yakichapwa. Yule wa bodaboda alikuwa amemwachia mzee wa kanisa. Alikuwa anacheka machozi yanamtoka, na anatembea, magoti, kiuno, kifua, mpaka alipofika kwetu, akasema, "Kama shemasi ameingia na viatu, mimi nani." Akabatizwa safi, mara moja, hakupinga hata kidole. Alipopita kurudi akanishika bega akaninong'oneza: "Shemasi, pasipo manung'uniko." Kijana wangu mwenyewe! Wiki nne nimemfundisha.

Mengine ni mafupi. Kiatu kimoja cha mchungaji kilielea kuelekea Sengerema, atakayekiokota anajua pa kukileta, kina soksi. Konda wa haisi alikataa nikae kwenye kiti, nikarudi hadi mjini nimekalia dumu, tena dumu tupu, nikiwa nachuruzika, na pale Mkuyuni mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama mvua imenyesha ndani ya gari. Simu ipo kwenye ndoo ya mchele kwa mchungaji tangu Jumapili; jana ilitetemeka kidogo, tunaamini. Jumatatu mama Neema akanipeleka zahanati kwa habari ya kichocho, maana ziwa letu tunalipenda lakini konokono wake tunawajua. Nesi alicheka kwanza, akaomba radhi, akacheka tena, kisha akanieleza kwamba dawa haiwapati wale wadudu wakiwa wachanga, hivyo nirudi baada ya wiki sita. Wiki sita nikae nikiwasubiri wakomae. Na hapo mama Neema akaniambia mbele ya watu, "Subira, baba Neema. Si ulifundisha?"

Nimemtumia mpiga besi ujumbe afute ile sauti au aongeze habari za jenereta. Amejibu na kikaragosi cha mamba.

Jumapili ile usiku sikulala mapema. Suti inaning'inia mlangoni inanuka samaki, na sina tone la kuisuuza. Nikasema nisome kidogo nipoe. Nikaangukia pale Sara anaposema Mungu amenifanyia kicheko, na kila asikiaye atacheka pamoja naye. Mwanzo 21. Nimeusoma mstari huo miaka yote kama habari ya mtoto Isaka, sikuwahi kufikiria kwamba Sara alikuwa anawaza majirani watakavyosema. Mama Neema akauliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia nilichokiomba Jumamosi, neno kwa neno, pamoja na lile la "siombi Yordani." Alicheka mpaka akateremka kitandani. Akasema, "Ulimwambia mwenyewe utajua unayaletaje? Yeye hakuyaleta, baba Neema. Amekupeleka wewe." Tukaomba kwa adabu, tukashukuru kwanza, tukaomba maji ya bombani, kipimo cha kawaida, nyumba ya watu watano. Jumatatu tukarudia. Jana Jumanne tukarudia.

Usiku wa kuamkia leo, saa tisa hivi, nimeota nipo tena chini ya lile jiwe. Kijani, mapovu, furu anapita. Nikahisi baridi ya maji kwenye mkono uliokuwa umening'inia nje ya kitanda. Kisha nikasikia ndala ya mtoto inagonga mguu wa kitanda, tup, tup, taratibu, kama mtumbwi uliofungwa. Kule jikoni bomba letu, ambalo hatujalifunga tangu Jumatano iliyopita, lilikuwa linanguruma juu ya ndoo iliyojaa zamani.

Mama Neema hakuwasha hata taa. Amenigusa bega gizani.

"Baba Neema. Amka. Umeomba tena?"